Mvinyo wa Mezani, Msimu wa Wimbi

Masaba, 24 Machi 1957

Mvua imeshika. Wimbi limeota shamba zima, na leo nimeamua kuandika, maana mambo ya mwaka huu yatastahili kukumbukwa na hapa kijijini mwenye kumbukumbu ni mimi peke yangu. Naandika Kiswahili, lugha niliyopikia Kisumu, Nairobi na Tororo. Kiteso nawaachia wanaogombania mipaka ya mihogo.

Mimi Edeku nimepika katika nyumba za Wazungu miaka ishirini. Nimepika supu ambayo mgeni mmoja mwenye mabega ya dhahabu aliinywa akalia, akamwuliza mkewe mbele ya watu kwa nini alimwoa. Nimefungua shampeni Nairobi, kizibo kikatoka dirishani kikampiga swila jichoni, akafa kabla hajatema. Hayo yanajulikana. Bwana wangu wa mwisho, mpimaji wa ardhi pale Tororo, alipokwenda kwao Desemba aliniachia meza, taulo mbili nyeupe na kizibuo chenye mpini wa pembe.

Jana tulikuwa kwenye ajono kwa kaka Imalingat, mkubwa wa ukoo wetu. Tulikaa kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake mrefu. Alikuwepo Ofwono, Mpadhola wa Kirewa, ambaye mwanawe Oketcho anamtaka Amoit wetu. Amoit ni binti wa marehemu kaka yangu. Baba yake alipokufa nilimchukua mimi, kwa hiyo wa kusema ndiyo au hapana ni mimi. Oketcho anafanya kazi reli, na msichana anampenda mpaka anaunguza ugali.

Ofwono akachomoa mrija mdomoni. "Edeku, hao Wazungu wako wanakunywa nini wakila?"

"Mvinyo," nikasema. "Kila chakula na mvinyo wake."

"Na wewe ulikuwa unakunywa?"

"Mimi ndiye niliyekuwa naujua."

"Sikuuliza kujua. Nauliza kunywa."

Watu walicheka mpaka mirija ikagongana. Basi nikawaambia: mkija kwangu kumposa Amoit, baada ya mavuno, hamtaona chungu. Mtakaa mezani, mtakula, mtakunywa mvinyo kama watu. Ile sheria ya kwamba mvinyo ni wa Mzungu imekwisha.

"Ukwe bila chungu?" akauliza Imalingat.

"Bila chungu."

Akarudisha mrija mdomoni.

Kinachobaki ni kupata mvinyo mzuri wa bei ndogo. Mzuri wa bei kubwa hata mjinga anaupata.

31 Machi

Mvua. Hakuna jambo.

3 Aprili

Nimepiga baiskeli mpaka Tororo. Vumbi la kiwanda cha saruji limelowa likawa uji, na lile jiwe lao kubwa kama mlima lilikuwa limevaa wingu mpaka mabegani. Karibu na stesheni kuna duka la Mgoa, mtu wa Goa ya Wareno. Niliingia kwa mlango wa mbele, nikasema nataka mvinyo wa kulia chakula nyumbani.

"Nyumbani kwa nani?" akauliza.

"Kwangu."

Alinitazama viatu, kisha akanitolea chupa nyekundu ya Afrika Kusini yenye picha ya farasi.

Nimeinywa na samaki mkavu wa karanga. Ovyo. Utamu wake unaganda kwenye meno, na samaki anakuwa kama amepakwa asali kwa bahati mbaya. Mke wangu Asekenye akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Mzee, hii ni dawa ya kikohozi."

Nikamwambia ulimi wake umeota magamba kwa makapi ya wimbi. Lakini ni kweli ilikuwa dawa ya kikohozi. Farasi ndiye aliyekuwa mzuri.

4 Aprili

Kichwa kinauma. Mvua.

9 Aprili

Nimepiga marufuku pombe nyumbani kwangu. Asekenye ndiye mpika ajono mwenye jina hapa. Kuna watu wanavuka kutoka upande wa Kenya kwa ajili ya chungu chake, wakilewa wanasahau wametoka upande gani. Lakini mtu hawezi kuwa na meza ya mvinyo huku na walevi wanaimba kule. Vyungu vyake nimevifudikiza nyuma ya ghala. Kuku wameshaanza kulala juu yake.

"Na siku ya wakwe?" akauliza.

"Siku ya wakwe kutakuwa na glasi."

"Kila mtu na yake?"

"Kila mtu na yake."

"Kama watu wanaoogopana," akasema, akachukua jembe akaenda kupalilia.

Mwanamke ambaye hajawahi kupanda gari moshi ananifundisha meza.

14 Aprili

Nimeanza kumfundisha Amoit kuhudumia. Chupa imejazwa maji. Anasimama nyuma ya kiti changu upande wa kulia, taulo kwenye mkono wa kushoto. Anamimina, mwishoni anazungusha kifundo cha mkono kidogo ili tone lisianguke, anarudi nyuma, ananyamaza. Tone likianguka namgonga vidole kwa mwiko. Leo jioni vidole vyake vilikuwa vimejaa kama ndizi za kisukari. Ndiyo shule. Mimi sikufundishwa kwa mwiko, nilifundishwa kwa sufuria.

"Baba mdogo," akasema, "naweza kukaa nile kidogo?"

"Mwenye kumimina hakai."

"Mpaka lini?"

"Mpaka waliokaa wamalize."

Asekenye alisema kutoka mlangoni kwamba msichana anayeposwa hatoki mbele ya wazee wa mume, kwa hiyo hata akijua kumimina atamiminia nani. Nikamwambia nyumba hii ina mdomo mmoja. Amoit alikula baadaye, ugali ukiwa umepoa. Niliwasikia wanacheka jikoni, kwa hiyo hakuumia.

21 Aprili, Pasaka

Leo nimefanya jambo ambalo hakuna Mzungu amelifanya. Kumbikumbi waliruka baada ya mvua ya jana, watoto wa jirani wakajaza ndoo. Nilikuwa na chupa nyeupe niliyonunua kwa Mhindi wa Busia, upande wa Kenya. Ilikuwa dirishani mwake inaota jua tangu sijui lini, akaiuza kwa bei ya kuku mwembamba. Imechacha, hatua moja kabla ya siki. Kwa ugali haifai. Kwa maharage inatia aibu. Lakini kwa kumbikumbi waliokaangwa wakatiwa chumvi, nilisimama wima. Mafuta yao yanaufunga ule ukali, na ukali unayaosha mafuta, unataka tena na tena.

Bwana wangu aliagiza samaki wa kopo kutoka ng'ambo amle na mvinyo mweupe, na kumbikumbi walikuwa wanaanguka kwenye taa yake mwenyewe anawafagia.

Nilimwita Amoit aonje. Akasema, "Kumbikumbi ni watamu, baba mdogo." Kuhusu mvinyo hakusema neno. Ana adabu kuliko shangazi zake wote.

28 Aprili

Amoit hakumwaga hata tone. Nilimgonga hata hivyo, asije akajivuna.

6 Mei

Oketcho alikuja na sukari na majani ya chai. Kijana mrefu, shingo kama ya korongo, buti za reli zinalia. Alinikuta mezani, Amoit nyuma yangu na taulo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa uone mambo."

Hakuona mambo, aliona vidole. "Mzee, vidole vya Amoit vimefanya nini?"

"Vinasoma."

"Vinasoma nini mpaka vinavimba?"

Nikamwambia hivi: neno moja zaidi, na posa yake naipeleka kwa Okware wa sokoni, mwenye wake watatu na meno mawili, ambaye ameuliza habari za msichana huyu tangu mwaka jana. Chupa ikagonga glasi. Maji yakamwagika kwenye kitambaa, Amoit akamtazama yule kijana kwa macho ya kumwambia anyamaze. Alikunywa chai bila kuweka ile sukari yake.

Sikuwa na nia ya Okware. Lakini tangu hapo msichana anamimina vizuri zaidi, na nikitaka kitu nataja meno mawili tu, kinaletwa.

12 Mei

Mvua ya mawe. Wimbi limelala upande wa chini. Imalingat anasema litaamka.

19 Mei

Nimeupata.

Nilirudi kwa Mgoa nimpe maneno yake kuhusu yule farasi. Nikamkuta anakula mchana nyuma ya kaunta na mkewe: wali, mchuzi wa samaki mwekundu kwa pilipili, na katikati yao bilauri mbili za mvinyo. Kando ya kiti kulikuwa na tungi la kioo, kubwa kama mbuzi mwenye mimba, limefumiwa kapu mpaka shingoni.

"Na huo?" nikauliza.

"Huo hauna picha," akasema. "Unatoka Ureno. Nawauzia Wagoa wenzangu. Njoo na chupa yako utoke nayo imejaa."

"Bei?"

Akataja. Nilimwambia arudie, nikidhani amekosea. Ni nusu ya farasi.

Aliniambia jambo nami naliandika kwa sababu ni la kweli. Mvinyo wa nyumbani usiuonje mtupu, alisema, uonje mdomo ukiwa na chumvi na pilipili. Ukiupenda ukiwa mtupu, chakula kitaufukuza. Ukikukunja uso kidogo ukiwa mtupu, subiri nyama. Kisha akaongeza mengine ambayo hayakuwa na maana, kwamba kwao chupa inakaa katikati ya meza na mwenye nyumba anakaa, anamimina, anakunywa kwanza yeye. Hiyo ni desturi ya watu wa dukani. Mimi nimeona meza kubwa.

Nyumbani niliufungua na mbuzi wa kuchemsha. Una harufu ya ardhi ikipigwa na mvua ya kwanza. Mdomoni ni ukwaju, halafu nyuma kabisa ladha ya chuma, kama ukilamba jembe jipya. Umekunja uso kidogo. Nikatia nyama yenye chumvi, na uso ukakunjuka.

26 Mei

Mvinyo wa Mgoa na majani ya kunde kwa karanga: mzuri.

29 Mei

Na samaki mkavu: mzuri. Na maharage: mzuri mno. Na ugali wa wimbi mtupu, kwa sababu Asekenye amekasirika hakupika mboga: bado mzuri.

2 Juni

Imalingat alikuja kuonja. Aliuangalia mvinyo ndani ya glasi kama mtu anayeangalia jicho la ng'ombe mgonjwa. Kisha akamwita Asekenye amletee maji ya moto, akayamimina humo, kama tunavyoongezea ajono. Nilitaka kumgonga mwiko.

"Sasa unanyweka," akasema. "Edeku, nisikilize. Siku ile weka chungu, hata kidogo. Glasi zako weka vilevile, nani anakukataza? Lakini wakwe lazima wanyonye chungu kimoja, na mwenye nyumba awe wa kwanza, waone hakuna kitu kibaya ndani. Hiyo ndiyo ndoa. Hayo mengine ni chakula."

"Kaka, hapa patakuwa na meza."

"Meza hainywewi."

Nikamwambia kwamba katika nyumba nilizofanya kazi, mtu wa namna yake angekula uani. Nilimwambia kwa heshima. Aliondoka bila kumaliza ile supu yake ya mvinyo.

Nilikuwa nikidhani Imalingat ni mtu mwenye akili anayezeeka. Sasa naona alizaliwa hivyo.

18 Juni

Jua. Wimbi linakauka shambani.

25 Juni

Tumeanza kukata. Wanawake wote wako shambani na visu. Nimebaki nyumbani kulinda meza.

5 Julai

Leo nimeingia ghalani kutafuta kamba, nikasikia kitu kinanong'ona chini ya magunia. Nikafunua. Chungu kikubwa kuliko vyote, kimejaa, kinachemka chenyewe polepole, na kapu la kimea kando yake. Asekenye alikiinua kutoka kwenye vile nilivyofudikiza, akakificha na wimbi jipya ndani yake.

Nilimwita. Nilimwita na Amoit. Nikakiburuta mpaka kwenye zizi la nguruwe, nikakiinamisha mbele yao wote wawili. Nguruwe wakaja mbio. Walikunywa mpaka dume likakaa chini kama mtu, likajaribu kupanda ukuta. Mimi nilicheka. Sijacheka namna ile tangu Kisumu.

Amoit alikuwa ameshika mkono wa Asekenye. Asekenye hakulia. Alitazama mpaka tone la mwisho, akasema, "Basi wakwe wamekwisha kunywa. Uwaoze."

Nikachukua mchi nikavunja chungu.

6 Julai

Nguruwe wanaumwa kichwa. Wanawake hawasemi na mimi. Amoit alipomimina leo mkono haukutetemeka hata kidogo.

13 Julai

Wamekuja na wamekwenda. Nitaandika yote, kwa sababu wataanza kusimulia vibaya.

Tangu asubuhi nilikuwa nimepanga. Meza ya bwana katikati ya uwanja, chini ya turubai, kitambaa cheupe, viti vya kanisa. Glasi nilikusanya: sita zangu na mbili za Mhindi, hazifanani. Chupa za mvinyo wa Mgoa nilizitia kivulini. Mbuzi, kuku, samaki, kunde, ugali. Kwa kumbikumbi msimu umepita, nikasikitika.

Ofwono alikuja na wazee wake wa Kirewa, wamevaa makoti, na Oketcho nyuma yao na buti zake. Upande wetu alikaa Imalingat. Nilimwita Amoit ashike nafasi yake na taulo. Imalingat akainua mkono.

"Msichana hatoki," akasema. "Unataka tuposwe au tuchekwe?"

Wazee wa Kirewa wote walikuwa wanatazama chini. Hapo nilikumbuka Asekenye alivyosema. Lakini mvinyo ulikuwa umekwisha kufunguliwa na nyama inapoa, na mtu ambaye amefanya kazi yangu hawezi kuacha glasi tupu mezani. Nikachukua taulo, nikaliweka kwenye mkono wangu wa kushoto. Nikasimama nyuma ya viti.

Nilianza na Imalingat, kama anavyoanziwa bwana wa meza, kidogo tu aonje.

"Onja wewe," akasema. "Nyumba ni yako."

"Mimi namimina, kaka. Mwenye kumimina haonji."

Nikawamiminia wote. Sikumwaga tone. Hakuna aliyeinua glasi. Nzi walitua, wakaruka. Mzee mmoja wa Kirewa akamwambia mwenzake kitu kwa Kidhopadhola, lugha yao, yule akasogeza glasi yake mbali kwa kidole kimoja.

"Mkwe," akasema Ofwono, bila kugeuka, "hii kitu nani amekunywa?"

"Ni ya kwenu wageni."

"Najua ni ya kwetu. Nauliza nani amekunywa."

"Ofwono, nimeutafuta tangu Machi. Ni mvinyo mzuri."

"Basi kaa hapa karibu yangu unywe." Alivuta kiti. Alikivuta kwa upole, siwezi kusema uongo. "Kaa, Edeku. Binti ni wako. Kaa tuzungumze."

Nilikitazama kile kiti. Nilikuwa na chupa mkono wa kulia na taulo kushoto, na glasi ya Imalingat bado ilikuwa ya kuonjea tu, haijajazwa. Nikasema, "Siwezi kukaa na meza haijaenea."

Wakatazamana. Ndipo Ofwono akageuka, akaniangalia kutoka viatuni mpaka kwenye taulo, na nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyekuwa anakumbuka jina na sasa limemjia. Akashika glasi yake, akaimwaga chini kwenye vumbi, yote. Akaiweka mezani, akapiga vidole.

"Boi," akasema. "Ongeza."

Nikaongeza.

Naandika kama ilivyokuwa. Mkono ulikwisha kumimina, kifundo kikazunguka mwishoni, nikarudi nyuma hatua moja, nikanyamaza. Ndipo nikasikia wanacheka. Walicheka wote, wazee wa Kirewa walishika mbavu, na kaka yangu Imalingat alifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Oketcho peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama mlango wa jikoni.

Nilipindua meza. Nilisema Amoit haendi Kirewa, si mwaka huu si mwaka ujao, na kwamba Mpadhola akikanyaga hapa tena nitamfungulia nguruwe. Ofwono alipangusa mvinyo kwenye koti lake, akasema, "Hakuna chungu, hakuna neno," wakaondoka kwa miguu, njia nzima nasikia mmoja anasema boi na wengine wanaanza kucheka upya.

14 Julai

Amoit alipiga magoti mlangoni asubuhi.

"Baba mdogo, sikukosa kitu."

"Ulicheka."

"Sikucheka. Nilikuwa nalia. Mama mdogo aliniona."

"Basi ulinilia kwa huruma, ni vibaya zaidi."

"Niache niende kwa Oketcho. Nitamwambia baba yake akuombe radhi."

Nikamwambia asimame. Nikamwambia alete chupa na taulo, kwamba mwalimu mwenye mwanafunzi mmoja hampotezi, na atanimiminia hapa mpaka nywele zake ziwe nyeupe kuliko kitambaa. Alisimama. Alileta. Nilikula ugali wa jana na mvinyo ulionusurika, yeye nyuma yangu. Sijui alikuwa na uso gani.

17 Julai

Amemimina. Hakuna neno.

19 Julai

Amemimina.

22 Julai

Amemimina. Wimbi limekwisha kuingia ghalani. Jua kali.

28 Julai

Nimerudi kutoka kanisani, nyumba ni tupu. Moto umezimwa kwa maji. Kwenye meza kulikuwa na taulo moja, limekunjwa vizuri.

Nikakimbia kwa Imalingat. Uwanja wake ulikuwa umefagiliwa na bado una alama za viti vya watu wengi. Asekenye alikuwa anasuuza mirija, hakuinua kichwa.

"Amekwenda," akasema Imalingat. "Ofwono alikuja hapa asubuhi na wazee wake. Mkeo alipika. Tumekunywa, tumemaliza chungu, ng'ombe wamekubaliwa. Mimi ndiye niliyenyonya kwanza kwa niaba ya marehemu."

"Mimi ndiye baba yake."

"Baba hukaa, Edeku. Hapa alikaa baba."

"Hamkuniita."

"Tulikuita wakati gani? Ulikuwa kanisani." Akacheka kidogo. "Na tungekuita ufanye nini?"

Nikamwambia Asekenye twende nyumbani. Akasema anabaki hapa, mke wa Imalingat ana nafasi, na kwamba kuku walale wapendapo. Alisema bila hasira, huku anaupuliza mrija mmoja kuona kama umeziba.

4 Agosti

Nimejipikia. Kuku na mvinyo. Mzuri.

11 Agosti

Nilimsimulia mtu wa Busia habari ya swila na kizibo. Akaniuliza, "Wewe ndiye yule Boi wa Masaba?"

18 Agosti

Neno limetoka Kirewa. Ofwono anasema nije Jumapili, mahali pangu papo. Naona wamefikiri. Mtu hawezi kuoa bila ridhaa ya baba mdogo. Mwaka hauishi watoto wanaanza kukohoa, wanatafuta nani hakuridhika. Nitapeleka chupa mbili za Mgoa, waone mimi sina kinyongo.

25 Agosti, Kirewa na kurudi

Nilivaa koti. Nilipofika uwanjani kwa Ofwono watu walikuwa wengi, wamezunguka chungu kikubwa, mirija imeinama kama mitego ya samaki. Imalingat alikuwepo. Asekenye alikuwa upande wa wanawake na chungu chao. Nikaelekea kwenye duara, nikatafuta pa kukaa. Ofwono akainuka, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Karibu, mkwe. Wewe mahali pako tumetengeneza."

Akanipeleka kando, chini ya paa la ghala. Palikuwa na meza ndogo. Kitambaa cheupe. Kiti kimoja, sahani moja, glasi moja. Ile glasi ilikuwa moja ya zile za Mhindi, zilizokuwa mezani kwangu.

"Tumejua wewe hutumii mrija," akasema, na wala hakucheka. "Kila ukija, glasi yako iko. Hata kwenye msiba itakuwepo. Nimesema na watoto."

Akarudi kwenye chungu chake.

Nikakaa. Chakula kilikuwa kuku kwa karanga, kizuri, chumvi sawa. Chupa yangu ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Nikasikia mtu amekuja nyuma ya kiti changu, upande wa kulia. Nilijua kabla ya kugeuka. Amoit alikuwa na kitambaa kipya kichwani na taulo la bwana wangu kwenye mkono wa kushoto, lile la pili. Vidole vimepona.

Akamimina. Kifundo kikazunguka. Hakumwaga hata tone. Akarudi nyuma.

Kwenye chungu walikuwa wanaimba. Oketcho alikuwa anamsogezea Imalingat maji ya moto. Hakuna aliyetazama huku, na nikaelewa kwamba hawatatazama.

"Mwanangu," nikamwambia, "chukua kigoda. Kaa ule na mimi."

"Mwenye kumimina hakai, baba mdogo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aliyekaa amalize," akasema, na akanyamaza, kama nilivyomfundisha.

Nikala. Kila glasi ilipofika nusu iliongezwa. Mvinyo ulikuwa mzuri, unaukubali kuku na unaikubali karanga, na kwa bei yake hakuna wa kuushinda Tororo nzima.